Urefu wa Mkia

Chupa namba thelathini na nane, rafu ya juu,
kati ya moyo wa mbuzi na konokono wa ziwani:
mjusi aliyejiuma mkia.
Mviringo mtupu. Pete ya miiba.
Lebo imeliwa na mende, limebaki neno moja, "jangwa",
kwa mwandiko wa mtu aliyestaafu kabla sijaajiriwa.

Vumbi la Nakuru limepita chini ya mlango wa maabara
kama kawaida yake, bila hodi.
Mwalimu Ombaso ameniachia karatasi ya mtihani:
pima kichwa, pima kiwiliwili, pima urefu wa mkia.
"Mnyooshe, Bwana Cheboi. Saa nne watoto wanaingia."

Mnyooshe.

Nimemtoa kwa kibanio, nikamsuuza bombani.
Magamba safu kwa safu, kama mabati ya vibanda vya Bondeni,
na kila bati lina msumari uliochomoza.
Nikichungulia ndani ya pete naona tumbo,
manjano iliyofifia, na chini ya kidevu madoa meusi
kama mtu aliyekunywa wino kwa haraka.
Ni mdogo. Anaenea kiganjani,
na hilo ndilo alilokuwa akilikataa.

Nasambu wa kidato cha pili amekuja kuazima bika.
"Nyumba yangu haina mlango," akasema, akacheka.
Jibu la hicho ni yai, nikamwambia,
na huyu hatagi.
Huzaa. Mtoto mmoja, mara chache wawili,
kiangazi kikielekea ukingoni,
na mtoto hutoka amevaa deraya ya baba yake,
saizi yake.

"Basi mbona anajila?"

Hajili. Anafunga mlango.
Mgongo ni miiba, tumbo ni nyama tu;
tumbo analitia ndani, komeo analiuma kwa meno,
na mwewe anabaki na pete
asiyojua aivishe kidole gani.

Nikamweleza machache ninayoyajua:
kwamba kwao ni kusini kabisa, karibu na bahari ya baridi,
ambako ukoo mzima hukaa katika ufa mmoja wa mwamba
na asubuhi hutoka kuota jua mlangoni, hawaendi mbali;
kwamba hula mchwa, na mchwa wakikosekana
hutulia tu, hula kidogo, hupumua kidogo,
wakisubiri mwaka ubadilike nia.
Nasambu akachukua bika lake akaenda.

Sikumwambia habari za guruguru.

Mogotio, kwenye mawe nyuma ya mkonge,
mimi na ndugu yangu Kimosop, na mkia mmoja mikononi mwetu.
Guruguru alikuwa amejijaza pumzi ndani ya ufa
mpaka jiwe na mwili vikawa kitu kimoja.
Kimosop akakanyaga mwamba, akavuta.
Mkia ukatoka. Ukacheza peke yake vumbini,
ukaruka, ukajikunja, tukacheka,
halafu tukaacha kucheka na ukawa bado unacheza.
Huota tena, najua. Mfupi, wa rangi nyingine.
Kimosop siku hizi ni karani wa benki Eldoret.
Nilimuuliza Krismasi; hakumbuki guruguru yeyote.

Saa nne kasoro kumi.
Nimejaribu uzi: ukazunguka ukarudi ulikoanzia,
haukuniambia mwili unakoma wapi.
Nimeingiza ncha ya kibanio kati ya taya,
chuma kikagusa jino, jino likakataa.
Miaka arobaini ndani ya fomalini
na bado kuna mtu nyumbani.

Watoto wanapiga foleni nje, nasikia rula zikigongana.
Nimechukua fomu ya Mwalimu Ombaso, nimejaza kwa kalamu ya bluu:

Kichwa: sentimita mbili na ushei.
Kiwiliwili: angalia mchoro.
Urefu wa mkia: haukupimika.
Mwenyewe bado ameushika.